Mzazi, jiko la mkaa lisilale chumbani na mtoto

Juni na Julai ni miezi ya kipupwe. Mji wa Tabora uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na ingawa mchana jua linawaka, usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Kwa mtu mzima hilo ni suala la kuongeza blanketi. Kwa kichanga cha siku tano ni jambo la kuhangaisha nyumba nzima.

Picha ifuatayo haitakuwa ngeni kwa familia nyingi za Chemchem na mitaa ya jirani. Mama amejifungua, mama mkwe amekuja kumuuguza. Ugali umeshaiva, maji ya kumkanda mzazi yameshachemka, na jikoni yamebaki makaa mekundu yasiyotoa moshi. Bibi analiinua jiko, analiingiza chumbani na kuliweka karibu na kitanda. Dirisha linafungwa, pazia linashushwa, kitambaa kinasukumwa chini ya mlango ili upepo usipite.

Nia ni njema kabisa. Hatari imo katika kuziba huko, na katika makaa ambayo kila mtu anaamini ni salama kwa sababu moshi umekwisha.

MOSHI HUONEKANA, SUMU HAIONEKANI

Mkaa, kuni, mafuta ya taa, gesi na dizeli vyote huhitaji oksijeni ili viungue vizuri. Hewa ikiwa haba, huungua nusunusu na kutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hii si hewa ukaa inayotajwa kwenye habari za mabadiliko ya tabianchi. Ni gesi nyingine. Haina rangi wala harufu, na haiwashi macho. Mkaa huitoa kwa wingi, hata ukiwa umekolea na kuonekana safi, na hata ukiwa umejifunika majivu na kuonekana umezimika.

Ndani ya damu, kazi ya kubeba oksijeni hufanywa na himoglobini. Kaboni monoksaidi hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayoipita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni kama daladala ambayo viti vyote vimekaliwa na watu wasiotaka kushuka: gari linazunguka mji mzima, lakini wenye safari wanabaki kituoni. Ubongo na moyo, ambavyo haviwezi kukaa bila oksijeni, ndivyo huumia kwanza.

Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo huvuta sumu haraka zaidi. Kwa mjamzito, gesi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni, na humtoka mtoto huyo polepole kuliko inavyomtoka mama. Aliyelala naye yuko hatarini zaidi kwa sababu hasikii kichwa kinapoanza kuuma. Usingizi unazidi kuwa mzito, na anaweza asiamke tena.

"MBONA SISI TULILELEWA HIVYO?"

Swali hilo la bibi linastahili jibu la heshima. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa za udongo na nyasi, zenye nafasi kati ya ukuta na paa. Hewa iliingia na kutoka hata mlango ukifungwa. Nyumba ya sasa ina tofali, dari na madirisha ya vioo yanayobana. Chumba cha kupanga kinachotunza joto vizuri ndicho pia kinachotunza sumu vizuri. Na hata zamani moto wa ndani haukuwa salama, kwani moshi wake uliumiza macho na mapafu.

Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora kwenda Ujiji walijipasha joto kwa moto wa kambini, nje, chini ya anga. Moto uleule ukiingizwa katika chumba kilichozibwa unakuwa kitu kingine.

Wala si jambo la watu wasio na uwezo tu. Mwandishi maarufu wa Ufaransa, Émile Zola, alifariki mwaka 1902 nyumbani kwake Paris kwa gesi hiyohiyo. Alilala chumbani kwenye moto wa kupasha joto uliokuwa na bomba la kutolea moshi, lakini bomba lilikuwa limeziba.

Wapo wanaoweka beseni la maji kando ya jiko wakiamini maji yatanyonya sumu. Hayanyonyi, kwa kuwa gesi hii haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kuacha dirisha wazi kidogo kunapunguza hatari lakini hakuiondoi, kwani huwezi kujua gesi kiasi gani imetoka na kiasi gani imebaki. Kanuni iliyo rahisi kukumbuka ni moja: mahali watu wanapolala, pasiwe na moto.

JOTO BILA MOTO

Kichanga kweli anahitaji joto, na hapo bibi yuko sahihi. Njia zipo, nyingine hazina gharama.

Ya kwanza ni ngozi kwa ngozi. Mtoto avalishwe kofia, soksi na nepi tu, alazwe wima kifuani kwa mama, kisha wote wafunikwe kwa kanga na blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi. Hii ndiyo njia ya kangaruu inayotumika hospitalini kwa watoto njiti. Baba au bibi pia anaweza kumbeba hivyo mama anapopumzika.

Ya pili ni kuchelewesha kumwogesha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 tangu azaliwe. Baada ya hapo, aogeshwe mchana jua likiwa limepanda, kwa maji yaliyochemshwa nje na kupozwa, afutwe haraka na avalishwe kofia.

Ya tatu ni kupasha joto matandiko. Nguo za mtoto zipigwe pasi kabla ya kuvaliwa. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo inaweza kuwekwa kitandani mapema, lakini iondolewe kabla mtoto hajalazwa, maana ngozi yake huungua upesi.

Mtoto akiendelea kuwa wa baridi tumboni na miguuni, akikataa kunyonya au akilegea, asisubiriwe hadi asubuhi. Apelekwe kituo cha afya akiwa kifuani kwa mama.

Na namna ya kuzungumza na mama mkwe? Si lazima iwe mabishano. "Mama, mtoto nimembeba kifuani, gusa usikie alivyo na joto. Jiko tuliache nje, baridi ikizidi tutaongeza blanketi." Mkono wa bibi ukishalisikia joto lile, maneno mengi hayahitajiki.

JIKO LA MAFUTA YA TAA LINAPOSUMBUA

Jiko la tambi nalo si la kulala nalo chumbani. Hata hivyo kwa familia inayolitumia kupikia, matunzo yake hupunguza sumu, moshi na hatari ya moto. Moto mzuri ni wa buluu na umetulia. Ukibadilika, jiko linasema kitu.

Moto ukiwa wa njano na sufuria ikapata masizi, hewa haitoshi au tambi zimepandishwa mno. Zishushe. Jiko likishapoa, angalia kama bati zenye matundu zinazozunguka moto zimekaa sawa, kisha zisugue kwa brashi kavu hadi matundu yazibuke.

Upande mmoja ukiwaka na mwingine ukizimika, tambi hazilingani. Kata sehemu zilizoungua kwa mkasi mkali ili zote ziwe na urefu mmoja. Zikiwa fupi kiasi cha kutofika vizuri kwenye mafuta, nunua mpya.

Moto ukififia huku tangi lina mafuta, huenda tambi zimekuwa ngumu kwa masizi au mafuta yameingia maji. Mwaga mafuta hayo kwenye chombo, kausha tangi, weka mafuta safi.

Moto ukirukaruka na kupanda ghafla, shuku mafuta yaliyochanganywa na petroli. Zima na usiyatumie tena. Petroli kwenye jiko la tambi ni mlipuko unaosubiri kiberiti.

Usiongeze mafuta jiko likiwa linawaka au likiwa bado la moto. Liwashe na kulizima nje au mlangoni, na liwe mbali na pazia na chandarua. Mafuta ya taa yasihifadhiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, kwani mtoto hatajua tofauti. Akiyanywa, usimtapishe. Mafuta yakipanda na kuingia kwenye mapafu madhara huwa makubwa zaidi. Mkimbize hospitali ukiwa na chupa yenyewe.

Wenye majiko ya gesi wazingatie rangi ileile. Moto ukiwa wa njano na kutia masizi, matundu yasafishwe au fundi aitwe.

BABA AKIWA SAFARINI

Familia nyingi za Tabora zina dereva au utingo anayelala kwenye kabini ya lori. Kabini ni ndogo kuliko chumba chochote, hivyo jiko la mkaa au la gesi humo linaweza kuua kwa muda mfupi. Kulala injini ikiwa inaunguruma nako ni hatari, hasa bomba la ekzozi likiwa na tundu.

Baadhi ya malori yaliyotumika kutoka Ulaya huja na hita ya dizeli ya kabini. Hita iliyofungwa vizuri huvuta hewa ya kuunguzia kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake lenyewe. Kabla ya msimu wa baridi fundi akague bomba hilo: lisiwe limetoboka, limelegea kwenye maungio au limeziba kwa tope. Hita ikitoa moshi mweusi, hewa haitoshi au imejaa masizi. Ikitoa moshi mweupe mwingi bila kushika moto, dizeli inaingia bila kuungua. Dereva akisikia harufu ya moshi ndani, aizime, afungue milango na asiiwashe tena hadi itengenezwe. Blanketi zito na koti havihitaji fundi.

DALILI ZINAZOFANANA NA MALARIA

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kuishiwa nguvu. Mkoani Tabora, dalili hizo humfanya mtu afikirie malaria moja kwa moja, na ni sawa kupima. Lakini jiulize maswali matatu. Je, watu wa chumba kimoja wameugua pamoja, asubuhi ileile? Je, wanapata nafuu wakikaa nje na kuumwa tena wakirudi ndani? Je, hakuna homa, na usiku kulikuwa na moto ndani? Jibu likiwa ndiyo, shuku sumu ya moto. Kichanga hawezi kusema kichwa kinauma. Yeye atalialia, atakataa ziwa au atalala usingizi usio wa kawaida.

Ukishuku, fanya hivi.

Toa kila mtu nje kwenye hewa safi, walio usingizini kwanza. Fungua milango na madirisha, na jiko litolewe kama linafikika upesi. Ukiingia kumwokoa mtu, usikae humo. Ingia na utoke.

Usipoteze muda kutafuta maziwa. Maziwa hayawezi kuondoa gesi iliyokwisha kuingia kwenye damu. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote. Alazwe ubavu, na kama hapumui aanze kusaidiwa kupumua na anayejua.

Nendeni kituo cha afya au hospitali hata kama mnajisikia nafuu. Mjamzito, aliyejifungua karibuni na kichanga wanaweza kuombewa usafiri wa dharura wa m-mama kwa namba 115 bila malipo. Kwa moto na uokoaji, Jeshi la Zimamoto linapatikana kwa 114.

Mkifika, semeni mapema: "Tulilala na jiko la mkaa chumbani." Msione aibu. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha kiwango kizuri cha oksijeni wakati damu imejaa sumu, kwa sababu vifaa vingi vya aina hiyo havitofautishi gesi hizi mbili. Maneno yenu ndiyo yatakayomwongoza daktari. Tiba kuu ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua saa nne hadi tano kupunguza nusu ya sumu. Kwa oksijeni safi huchukua saa moja hadi moja na nusu.

Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hadi hapo, mkaa utaendelea kuwaka kwenye nyua nyingi za Chemchem. Basi uwake uani, umalize kazi yake huko, na majivu yake yapoe huko. Usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, mzazi ahesabu watoto walio ndani na ahakikishe jiko liko nje.