Zahanati isijiite hospitali

Usiku mmoja mwaka uliopita, mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mumewe alimkimbiza mahali palipo karibu, penye bango kubwa lenye taa, lililotaja hospitali na huduma za uzazi. Ndani walimkuta muuguzi mmoja na vitanda vitatu. Chumba cha upasuaji hakikuwepo. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, na muuguzi, ambaye hana lawama, aliwaambia ukweli papo hapo: nendeni hospitali. Kufikia walipopata gari na kufika, zaidi ya saa moja ilikuwa imepotea. Mama alinusurika. Mtoto hakuwahi kulia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma mabango ya mitaani kwa jicho lingine. Chumba kimoja juu ya duka la nguo kinaitwa hospitali. Muuza dawa anajiita kituo cha matibabu. Mkandaji misuli, ambaye kazi yake ni nzuri na ya halali, ameandika kwamba anatibu mishipa, mgongo na kisukari. Neno "kimataifa" nalo limekuwa kama chumvi, kila mtu anatia.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iligawa huduma katika ngazi 6. Ya kwanza ni huduma za kijijini na mitaani. Zahanati na kliniki ziko ngazi ya 2, vituo vya afya ngazi ya 3, na hospitali huanzia ngazi ya 4. Mgonjwa hajui mambo ya ngazi. Yeye husoma bango. Ndiyo maana jina la mahali pa matibabu si pambo, bali ni taarifa, na taarifa ya uongo huua.

Wengi wanaoanzisha biashara hizi hudhani kwamba wakishasajili jina kupitia eCitizen, kazi imekwisha. La hasha! Cheti cha jina la biashara hakimpi mtu ruhusa ya kutibu. Leseni ya kituo hutolewa na Baraza la Madaktari (KMPDC), na duka la dawa liko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu.

Kuna na suala la msalaba mwekundu. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo ni sehemu ya sheria za Kenya. Si alama ya matibabu kwa jumla, na zahanati ya mtu binafsi haina haki ya kuichora ukutani.

Mwenye kliniki mmoja aliniambia, "Ndugu yangu, nikiandika zahanati, watu watanipita waende kwa yule aliyeandika hospitali." Naelewa shida yake, maana kodi ya nyumba haingoji. Lakini wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama aliyepimwa vyema na kuambiwa ukweli atawaleta dada zake. Aliyedanganywa na bango atawaonya mtaa mzima.

Kwa hivyo, wewe unayetaka kufungua kliniki, maabara au makao ya kutunza wazee, chagua jina linalotaja kazi unayoifanya na mahali ulipo. Tumaini, Neema au Shifaa ni majina mazuri, mradi yafuatwe na neno la kweli: zahanati, maabara, tiba ya viungo. Usiahidi uponyaji katika jina. Usiige jina la hospitali mashuhuri kwa kubadilisha herufi mbili. Na uandike saa zako za kazi chini yake.

Serikali nayo isingoje maafa. Mwaka 2025 ilifunga vituo vingi vya afya na kuvishusha ngazi vingine. Hatua hiyo ni njema, lakini kituo kikishushwa ngazi, bango lake nalo lishushwe siku hiyo hiyo.

Nawe msomaji, hasa uliye na mja mzito nyumbani, nenda mchana ukaulize: leseni yenu ni ya ngazi gani? Mnaweza kupasua? Usingoje usiku. Jina jema hung'aa gizani, lakini bango lenye taa nalo hung'aa vivyo hivyo.