Kuzaa si Kazi, Kazi Kulea

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba barabara ni shughuli ya wahandisi na wahasibu, na kwamba utamaduni ni ngoma, mavazi na mashairi. Fikra hii ni finyu, nayo imetugharimu mno. Utamaduni wa taifa ni jumla ya mazoea ambayo kwayo watu hukabiliana na maisha yao, na namna tunavyozitendea njia zetu ni mojawapo ya mazoea hayo. Taifa linalojua kujenga lakini halijui kutunza lina upungufu wa utamaduni, wala upungufu huo hauzibwi kwa saruji.

Mkoloni alijenga njia kwa manufaa yake. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, na Reli ya Kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, zote zilielekezwa bandarini, kwa kuwa kilichotakiwa ni mazao yetu. Kule kusini Waingereza walijenga reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya mpango wao wa karanga. Mpango ulipoanguka, reli ilikosa mzigo, na katika miaka ya 1960 ikang'olewa. Njia iliyowekwa kwa faida ya mgeni ilikufa faida hiyo ilipotoweka. Hilo halishangazi. Linaloshangaza ni kuona njia tulizozijenga wenyewe zikifa mikononi mwetu.

Wala hatuwadharau wajenzi. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Tanzania na Zambia, kwa msaada wa China, zilijenga reli ya kilomita 1,860 ambayo mataifa ya Magharibi yalikataa kuigharimia. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, liliunganisha kingo mbili za Rufiji na kuwaondolea watu wa kusini adha ya kungojea kivuko. Hizo ni fahari za taifa. Lakini wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sehemu kubwa ya barabara zetu kuu ilikuwa imechakaa kwa kukosa matengenezo, hata ikabidi katika miaka ya 1990 taifa likope fedha ili kufufua kile ambacho lilikuwa nacho tayari. Tulilipia barabara zilezile mara mbili.

Barabara ina maadui wawili wakubwa, maji na uzito, na wote wawili hupata nguvu kutokana na mwenendo wetu. Anayetupa takataka mtaroni huyafungia maji njia. Maji hayo hupenya chini ya lami na kuulainisha msingi, na gari linalofuata hukamilisha uharibifu. Anayezidisha mzigo naye hufanya dhara kubwa kuliko anavyodhani. Wataalamu wamethibitisha kwamba madhara ya uzito hayaongezeki kwa kiasi kilekile cha mzigo: ekseli iliyozidishiwa sehemu moja ya tano huiumiza barabara takriban mara mbili, na ekseli yenye uzito maradufu huiumiza takriban mara kumi na sita. Basi mwenye lori anayempa rushwa mtumishi wa mizani ili apite, pamoja na mtumishi anayeipokea, wanagawana shilingi chache na kuwaachia wananchi deni la mamilioni. Na yule anayeng'oa alama ya barabarani akaiuze kama chuma chakavu, ameuza uhai wa msafiri asiyemjua.

Watatujibu kwamba nchi changa haina fedha za matengenezo. Jibu hilo limepinduka. Tajiri anaweza kumudu kujenga mara mbili, maskini hawezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa barabara hujengwa kwa fedha za kigeni.

Wengine watadai kwamba utunzaji ni somo la wafadhili, geni kwetu. La hasha! Wachagga waliteremsha maji ya Kilimanjaro mashambani kwa mifongo waliyoichimba vizazi kabla ya mkoloni. Mifongo hiyo ilidumu kwa sababu kila aliyeyatumia maji aliwajibika kutoka siku ya kuisafisha, na aliyekaidi alitozwa faini au kunyimwa maji. Wapare nao walikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja kwa faida ya wote. Hawakusubiri mkandarasi. Walijua kwamba kitu cha wote kina wenyewe, nao ni wote. Sisi tumeugeuza usemi huo, tukasema kitu cha wote hakina mwenyewe.

Mei mwaka 2024, wakati wa mvua za Kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga na kwingineko, na safari za kusini kwa njia ya pwani zikasimama. Hatudai kwamba kila daraja lililochukuliwa na maji limeponzwa na uzembe. Tunasema kwamba siku ile kila mtu alitambua kuwa barabara ni chakula, dawa na mkutano wa ndugu. Utambuzi huo usingoje mafuriko.

Kwa hiyo sherehe za kukata utepe zipunguzwe kelele, na siku hiyohiyo wananchi waelezwe ni nani atakayeitunza barabara, na kwa fedha ipi. Fungu la matengenezo liwe la kwanza kutolewa, lisiwe la kwanza kukatwa. Shule zifundishe kazi ya mtaro na kalvati kama zinavyofundisha ngoma. Serikali za vijiji zirudishe siku ya kusafisha mitaro, na viongozi wawe wa kwanza kushika majembe. Taifa litakalofanya hivyo halitahitaji kuambiwa kwamba lina utamaduni. Msafiri atauona njiani.