Babu, baiskeli na vidonge vya presha

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kanazi, Ngara, kila Jumamosi huenda vijijini kwa baiskeli kuwauliza wazee habari za zamani, hasa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 200,000 walipovuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Vilima vya huko havina huruma. Kwenye mpando anakokota.

Tatizo ni presha. Alipoona mazoezi yamemchangamsha, aliacha vidonge kimyakimya. Kizunguzungu kikamkuta kwenye mteremko, na breki zenyewe za kubahatisha! Baiskeli husaidia kushusha presha, ndiyo, lakini dawa haiachwi bila daktari kusema. Mkewe hakugombana naye. Alinunua kufuli. Siku hizi Babu humeza kidonge mbele yake, ndipo apewe ufunguo.