Kitambulisho Si Hesabu

Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Hifadhidata nyingi zina aina ya namba kamili ya biti 64. Hata pale ishara ya hasi inapoondolewa ili kupata nafasi zaidi, kikomo chake ni 18,446,744,073,709,551,615. Namba ya mtu aliyezaliwa mwaka 1900 tayari imekivuka.

Mfumo ukiikataa namba hiyo, ni heri, kosa limeonekana. Balaa ni ule unaoipokea na kuikata. Excel, kwa mfano, hutunza tarakimu 15 tu za namba. Tano za mwisho huzigeuza sifuri, mara nyingi bila kumwuliza karani.

Sasa twende Nyantakara, Biharamulo. Tuseme wazee wawili waliozaliwa nyumbani, wasiojua siku zao, wameandikiwa tarehe ya kukadiria: 1 Januari, mwaka mmoja. Wameandikishwa mahali pamoja. Yaelekea kinachowatofautisha kimo katika tarakimu za mwisho, zilezile zilizogeuzwa sifuri. Katika orodha ya mbolea ya ruzuku wamekuwa mtu mmoja. Wa kwanza atachukua mifuko yake, wa pili ataambiwa, "Mzee, wewe umeshachukua." Atabisha kwa hoja gani mbele ya kompyuta?

Tumezoea kumlaumu karani. Mimi namlaumu mwandishi wa programu aliyeona neno "namba" katika fomu, akatangaza namba katika msimbo, kisha akaiacha zana yake iunde safu ya hifadhidata kwa chaguo-msingi. (Lugha yetu nayo imemponza: tungeiita "alama ya utambulisho", labda angesita.) Kipimo ni chepesi: je, kuna anayejumlisha vitambulisho viwili? Hakuna. Basi hiyo ni matini. Ndivyo ilivyo pia kwa namba ya simu, ambayo ikihifadhiwa kama hesabu hupoteza sifuri yake ya mwanzo. Fedha ndizo za kujumlishwa, nazo zahitaji desimali kamili, si makadirio.

Ninyi watumishi wa umma mnaoandaa hadidu za rejea, liandikeni sharti hili kabla ya zabuni kutangazwa. Na siku ya kukabidhiwa mfumo, ingizeni namba ya mzee mmoja wa kijijini, itoeni tena, muisome mpaka tarakimu ya 20, ndipo mtie saini.