Kimo cha Gari Si Uwezo Wake

Imeenea miongoni mwa wenye magari ya porini, tangu gereji za Arusha yanakotengenezwa magari ya watalii hadi karakana za Nairobi na Mombasa, itikadi moja ambayo haina budi kupingwa bayana, kwa kuwa waiaminio huilipia fedha nyingi, na mara nyingine huilipia kwa roho za abiria. Itikadi yenyewe ni kwamba gari kadiri linavyoinuliwa ndivyo linavyozidi kupita njia mbovu, na kwamba kazi ya kuliinua imekwisha pindi springi ndefu na shokapu mpya zikishafungwa. Mimi nashika kinyume chake: kimo ni cha mwisho kununuliwa, na usukani ndio wa kwanza, na fundi akuinuliaye gari pasipo kuutengeneza usukani wake hakukuuzia uwezo, amekuuzia ghururi.

Tuitazame kwanza hoja wanayoitegemea mno, yaani ile ya uvungu. Husema kwamba springi ndefu zitaliepusha gari na mawe. Lakini katika gari lenye ekseli nzima ya mbele na ya nyuma, mfano wa Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizojaa mbugani, kitu kinachogonga jiwe kwanza aghalabu ni difu. Nayo difu imo ndani ya ekseli, na ekseli huchukuliwa na magurudumu, wala haichukuliwi na springi. Funga springi ndefu upendavyo, bodi na fremu zitapanda, ilhali difu itabaki pale pale ilipokuwa. Kinachoiinua ni tairi, tena kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka: mtu akiziacha tairi za 265/70R16, ambazo kipenyo chake ni takriban milimita 777, akafunga za 285/75R16 zenye takriban milimita 834, amejipatia uvungu wa milimita 28 basi, na fauka ya hayo kipimamwendo kilichokuwa sahihi kitamwonyesha kilomita 100 kwa saa naye anakwenda 107.

Sikani kwamba kuinua kuna faida. Hupatikana nafasi ya tairi kubwa, bampa hazigusi ardhi upesi penye makorongo, na tumbo la gari halisuguani na kigongo cha katikati ya njia. Walakini faida hizo karibu zote hupatikana kwa sentimita 4 au 5, na kila sentimita izidiyo hapo huongeza madhara kuliko manufaa.

Madhara hayo huanza kwenye usukani. Tangu mwaka 1999 ekseli ya mbele ya Land Cruiser za kazi za mfululizo wa 70 imekaa juu ya springi za koili, ikashikwa na mikono miwili iendayo nyuma hadi kwenye fremu, pamoja na fimbo moja iliyolazwa kiubavu, iitwayo panadi, ambayo kazi yake ni kuizuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Fremu ikipanda, mikono ile huinama, na katika kuinama kwake huizungusha ekseli, hata ule mlazo wa kingipini kuelekea nyuma, uitwao kasta, ambao ndio uurejeshao usukani katikati baada ya kona, ukapungua. Kuinua sentimita 5 peke yake huweza kuondoa nyuzi 2 au zaidi, na kiwandani hazikuwekwa nyuzi nyingi za kupotezwa. Hapo gari huanza kutangatanga, dereva akawa hana raha lahadha moja. Panadi nayo, ikizidi kwenda mshazari, huivuta ekseli upande ule iliposhikwa kwenye fremu. Na ikiwa haiendi tena sambamba na fimbo ya usukani, basi kila gurudumu linapoingia shimoni gari hukata kona ambayo dereva hakuikusudia. Mwenye kuiendea Serengeti kwa barabara ya changarawe ishukayo kutoka Ngorongoro, na mikunjo yake isiyokwisha, hahitaji elimu ya chuoni kufahamu hatari ya usukani wa namna hiyo.

Na dawa inayotolewa ni ipi? Magurudumu ya mbele yakianza kutetemeka, mwenye gari huuziwa shokapu nene ya usukani, tetemeko likatulia kwa muda, fundi akasifiwa. Huko ni kumziba mdomo mgonjwa asipige kelele, kisha kusema amepona. Tetemeko lina asili yake: bushi zilizoliwa, ncha za tairodi zilizolegea, beringi za kingipini zilizokwisha, tairi zisizo na balansi, kasta iliyopotea. Maadamu asili haijaondolewa, shokapu ile huchakaa upesi, na ubaya uliofichwa hudhihiri siku gari likiwa katika mwendo mkali na watu wamo ndani.

Wenye Hilux na Prado wasidhani kuwa wamesalimika kwa sababu magurudumu yao ya mbele hayashikwi na ekseli moja. Huko desturi ni kutia spesa juu ya springi, na mwenye gari akaona limesimama kwa fahari. Lakini shokapu ina urefu wake wa mwisho, na kile ulichojiongezea kwa juu umekitoa kwenye nafasi ya gurudumu kushuka. Gurudumu lisiloweza kushuka shimoni huning'inia hewani, na lililo hewani halivuti wala halishiki breki. Zaidi ya hayo, shafti za magurudumu hukaa mshazari kupita kiasi, mipira yake ikapasuka na vumbi likaingia.

Kadhalika springi huchaguliwa kwa uzito, wala si kwa kimo. Gari la watalii lenye viti, matangi na mizigo yake ya kila siku lahitaji springi ngumu. Springi hizo hizo zikifungwa kwenye gari tupu la mtu na mkewe, magurudumu hurukaruka juu ya changarawe badala ya kuishika. Na katika Toyota nyingi iko vali inayopima mzigo kwa umbali ulio kati ya ekseli ya nyuma na fremu: gari likiinuliwa, vali hudhani halina mzigo, ikapunguza breki za nyuma. Fundi asiyeirekebisha vali hiyo, wala kutazama urefu wa paipu za breki, amefanya taksiri isiyo na udhuru.

Basi mwenye kutaka kuinua gari na atangulize haya: aondoe kila kilicholegea katika usukani, apime uzito wa mzigo anaouchukua kwa kawaida, achague springi ziufaazo pamoja na shokapu za urefu unaolingana nazo, anunue siku iyo hiyo bushi au mikono ya kurudisha kasta, na panadi ya kurekebishika, kisha adai karatasi ya alaimenti ya kabla na ya baada, aisome kwa macho yake mwenyewe. Fundi atakayekataa kuitoa asipewe kazi. Na yule aonaye kwamba gharama hizo zimemzidi, basi aliache gari kwa kimo cha kiwandani, afunge tairi njema, ajifunze kupunguza upepo penye mchanga na tope, na fedha iliyosalia aitie katika bushi na breki: atapita mahali pengi ambapo jirani yake aliyeinua gari hupita, na atarudi na abiria wake wote.