Ukuta wa Forodhani Usisahauliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu ukuta wa bahari wa Forodhani, hapa Mji Mkongwe, Unguja.

Wengi wetu tukifika Forodhani jioni hununua urojo na kuwatazama vijana wakipiga makachu. Ni wachache wanaoinama kuutazama ukuta wenyewe. Lakini wakati wa bamvua, bahari haina mapumziko. Wimbi likipata ufa mdogo huingia na kutoka, na kila likitoka huondoka na mchanga ulio nyuma ya ukuta. Mpita njia haoni kitu mpaka siku ile sakafu inapobonyea.

Nyuma ya ukuta huo ndipo ilipo Ngome Kongwe, Kasri na Beit al Ajaib. Majengo hayo ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na mawe hayo hunyonya maji ya chumvi. Bahari ikipata njia, msingi hautasalimika.

Beit al Ajaib ilijengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash. Tarehe 27 Agosti, 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga mji huu, kasri ya jirani ikabomoka, lakini Beit al Ajaib ikabaki imesimama. Jengo lililoishinda mizinga liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba, 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Sisemi kuwa ni mawimbi yaliyoliangusha. Nasema jengo likishachoka halimngoji fundi amalize kazi yake.

Wako watakaonijibu kuwa bustani ya Forodhani ilitengenezwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na kwamba ukuta wa Mizingani nao ulijengwa upya baadaye. Ni kweli, na tunashukuru. Lakini kujenga ni kazi ya mara moja, kutunza ni kazi ya kila siku.

Wenzetu wa Kilwa Kisiwani walikuwa na tatizo kama hili. Bahari ilikuwa ikiyala magofu yao, na mwaka 2004 UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kingo zikajengwa, mikoko ikapandwa, wanakijiji wakashirikishwa, na mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha hiyo. Forodhani si mahali pa kupanda mikoko, lakini ushirikiano ule tunaweza kuuiga.

Kwa hiyo naiomba Serikali yetu mambo mawili. Kwanza, ukuta ukaguliwe kila baada ya masika na baada ya bamvua kubwa, na wananchi waelezwe kilichoonekana. Pili, sehemu ya fedha zinazotokana na wageni itengwe kwa ajili ya ukuta huu, ili fundi asisubiri msaada kutoka nje kwa ajili ya ufa wa shubiri moja.

Nasi wananchi tuache kutupa taka katika mitaro ya maji ya mvua, maana maji yakikosa njia hujichimbia njia chini ya ukuta. Tuache pia kuchota mchanga wa pwani, kwani huo ndio unaolipunguza wimbi nguvu kabla halijatufikia.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa Forodhani, tusipoziba ufa tutajenga mji.

Mwananchi,
Shangani, Zanzibar.