Neno la Mhariri: Mwiko Humfunga Mwenyewe

Semina za uongozi siku hizi zimejaa maneno "kiroho", "maono" na "tunu binafsi", na makala nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zimeyapokea bila kuyahoji. Mimi siyapokei hivyo. Imani ina kazi kubwa kazini, tena kubwa kuliko inavyopewa na wanaoisifia. Kosa letu ni kuipima imani ya kiongozi kwa yale anayowaelekeza walio chini yake: dua ya kufungua kikao, mafungo ya watumishi, mawaidha ya Jumatatu asubuhi. Swali linalostahili kuulizwa kwanza ni moja: imani hiyo imemkataza nini yeye mwenyewe?

Kiswahili kilishatupa neno la jambo hili, nalo ni mwiko. TANU, chama kilichokuwa kikitawala Tanzania Bara, ilipotangaza Azimio la Arusha mwezi Februari 1967, masharti iliyowawekea viongozi yalikuja kujulikana kama miiko ya uongozi, na jina hilo lina uzito wake. Mwiko ni neno la nyumbani. Mganga ana miiko yake ili dawa isiharibike, na mjamzito ana yake. Hakuna anayemshikia mwenzake mwiko, wala anayepigiwa makofi kwa kuushika. Kiongozi alitakiwa asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha, na mume au mke wake alihesabiwa pamoja naye. Ucha Mungu wa Mwalimu Nyerere, kiongozi wa TANU na Mkatoliki wa kuhudhuria misa, unajulikana. Hata hivyo masharti yale hayakudai imani ya mtu. Mwislamu, Mkristo na asiye na dini wote waliweza kuyakagua kwa orodha ya mishahara na hati ya nyumba. Hivyo wanaohofia kwamba kuleta imani kazini ni kumlazimisha mtumishi asali sala ya bosi wake wana haki ya kuhofia dua za lazima, lakini mwiko wa bosi haumdai mtumishi chochote.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba miiko ile ilikuwa migumu mno. Nyumba ya kupangisha ndiyo iliyokuwa akiba ya uzeeni kwa wengi, hasa wanawake wa mjini wasio na pensheni, na Bibi Titi Mohamed, aliyeijenga TANU kwa jasho lake, hakukubaliana na sharti hilo. Namheshimu kwa hilo. Aliyekataa waziwazi aliuchukulia mwiko kwa uzito zaidi kuliko yule aliyeukubali jukwaani na kuukwepa gizani. Lakini ugumu ulikuwa sababu ya kurekebisha sharti, si ya kuliondoa. Mwaka 1991 kikao cha CCM, chama kilichorithi TANU, kule Zanzibar kiliilegeza miiko, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ikaleta tamko la mali. Fomu ile inamuuliza kiongozi ana nini. Mwiko ulikuwa umemwambia asiwe na nini. Leo kiongozi anaapa ameshika Msahafu au Biblia, anamwomba Mungu amsaidie, halafu anajaza fomu. Katikati ya kiapo na fomu ndipo palipobaki pengo ambalo semina haziwezi kuliziba.

Katika toleo hili, makala kuhusu Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya ya 2010, ile ya uongozi na uadilifu, inakaribia hoja hii, hasa inapoeleza kwamba zawadi anayopewa afisa wa dola katika shughuli rasmi ni mali ya Jamhuri. Ile ya benki zisizotoza riba inaonyesha jinsi katazo la dini linavyoingia hadi kwenye mkataba wa mkopo. Isomwe na wasio Waislamu pia. Mbili nyingine, za kutafakari kabla ya kazi, zimeandikwa vizuri.

Kurasa sita za toleo lijalo tumeziacha wazi. Msomaji unayeongoza shule, zahanati, chama cha ushirika au duka lenye wafanyakazi watatu, tuandikie jambo moja ulilojikataza kwa sababu ya cheo chako, na utueleze ni nani kazini kwako anayeweza kukagua kama umelishika.